Kidonge cha Kwanza

Watu wengi hudhani kwamba shida ya kumtibu mgonjwa wa akili ni kumfikisha hospitali. Ni kweli safari hiyo si ndogo. Katika milima ya Mbinga na huku chini ufukweni mwa Ziwa Nyasa nimeona wagonjwa wakiletwa wamefungwa kamba mikononi, wamelazwa juu ya magunia katika gari la mizigo, au wameketishwa katikati ya mtumbwi huku wanaume wawili wamewashika mabega. Ndugu hufika hoi, wamekwaruzwa, wengine hawajalala siku tatu. Mgonjwa akishapigwa sindano na kusinzia, wao hushusha pumzi, humshukuru Mungu, kisha huuliza gari la kurudi linaondoka saa ngapi. Mimi niliyefanya kazi ya uuguzi wa wagonjwa hao kwa miaka mingi nasema kwamba saa hiyo ndiyo tunapoanza kumpoteza. Wengi wa wale niliowaona wakiacha dawa hawakuacha mwaka wa pili wala wa tatu. Waliacha katika wiki mbili za kwanza, na waliacha kwa sababu ambazo mtu yeyote mwenye akili timamu angezikubali.

Dawa zenyewe si ngeni tena. Ya kwanza, klopromazini, ambayo wazee wa kazi bado huiita Largactil, ilitengenezwa Ufaransa mwishoni mwa mwaka 1950 katika maabara za kampuni ya Rhône-Poulenc, na waliovutiwa nayo mwanzoni walikuwa watu wa chumba cha upasuaji. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, na wodi zilizokuwa na makelele usiku na mchana zikatulia. Hospitali ya Waanglikana pale Liuli nayo ina jina la Mtakatifu Anna. Ni sadfa tu, lakini kila nikiikumbuka hufurahi. Haloperidoli ilifuata mwaka 1958 kutoka kwa Paul Janssen wa Ubelgiji. Kabla ya hapo, mtu wa huku aliyeshindikana nyumbani alikuwa na njia mbili: kufungwa kwenye gogo uani, au kupelekwa safari ndefu hadi Mirembe, Dodoma, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1927. Kwa hiyo nisidhaniwe kuwa nazilaumu dawa hizi. Zimewarudisha watu mashambani, kanisani na kwenye nyavu zao. Ila zina tabia moja mbaya, nayo ni kwamba madhara yake hutangulia faida yake.

Sababu yake ni hii. Ubongo hutumia kemikali iitwayo dopamini kwa kazi nyingi. Wataalamu wanaeleza kwamba inapozidi katika sehemu fulani, mtu huanza kuona maana kubwa katika mambo madogo, kama mlio wa kunguru au kikohozi cha jirani, na husikia sauti za watu wasiokuwapo. Dawa hizi huizuia dopamini isifanye kazi yake. Lakini katika sehemu nyingine ya ubongo kemikali hiyo hiyo ndiyo inayosaidia misuli iende sawa bila sisi kufikiri. Basi kumeza dawa ni kama kuziba mfereji mmoja unaomwagilia mashamba mawili. Ulitaka kukausha lile lililofurika, na lile jingine likakauka pia. Tena hilo jingine ndilo hutangulia kukauka. Shingo yaweza kukakamaa siku ya pili, ilhali sauti huchukua wiki kadhaa, nne au sita pengine, kabla ya kufifia.

Hebu sasa msomaji ajiweke mahali pa mama mmoja wa kijiji cha wavuvi kusini ya Mbamba Bay. Mwanawe, kijana wa miaka kama 20, mvuvi wa usipa, alikuwa ameanza kusema na maji. Alikataa kula chakula alichopika mtu mwingine, na usiku mmoja akachoma nyavu za baba yake mdogo. Wakampeleka katika kituo kimoja cha tiba, akachomwa sindano ya haloperidoli, wakapewa vidonge kwenye karatasi na kuambiwa warudi baada ya mwezi. Hakuna aliyewaambia neno jingine lolote. Siku ya pili jioni shingo ya kijana iligeuka kulia ikakwama. Macho yalipanda juu yakabaki meupe, ulimi ukatoka nje, na taya likabana asiweze kusema ila kukoroma. Kule kulia ilikogeukia shingo kulikuwa ziwani. Katika nyumba hiyo kulikuwa na msiba wa ndugu aliyezama maji miaka miwili nyuma, na mwili wake haukuonekana.

Sihitaji kueleza walivyolielewa jambo hilo. Usiku huo huo walimbeba kwa mganga wa kienyeji. Mganga alimfukizia, akampaka dawa, akamlaza kwake siku mbili, na shingo ikanyooka. Ilinyooka kwa sababu sindano ilikuwa imepungua nguvu mwilini, jambo ambalo lingetokea hata kama angelazwa juu ya jamvi bila kuguswa. Lakini hilo nalijua mimi. Wao walichokiona kwa macho yao ni kwamba dawa ya hospitali ilipinda shingo ya mtoto na mganga akaikunjua. Nani angewalaumu kwa kutupa vile vidonge ziwani?

Waliponijia ilikuwa wiki ya saba, na kijana alikuwa amekonda kuliko awali. Baba mdogo, yule yule aliyechomewa nyavu, ndiye aliyesema kwa niaba ya wote: “Daktari, sisi hatukatai hospitali. Ila ile dawa ya kuvunja shingo hatuitaki.” (Huku kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari, na ukikataa jina hilo wanadhani unakwepa kazi.)

Wafanyakazi wenzangu kadhaa wangejibu kauli hiyo kwa ukali, kwamba ni ujinga, ni imani potofu. Mimi niliona kuwa mzee yule anafikiri sawasawa kabisa kwa habari alizokuwa nazo. Aliyekosekana ni mtu wa kumpa habari hizo mapema. Ukimwambia mtu siku ya Jumatatu kwamba huenda Jumatano shingo itageuka, na Jumatano ikageuka, atakuja mbio kwako, maana umeonyesha kuwa unaijua dawa yako. Usipomwambia, atakwenda mbio kwa mwingine. Shingo ni ile ile na sindano ni ile ile.

Kwa hiyo katika kazi yangu kidonge cha kwanza sikumpa mgonjwa peke yake. Wamatengo wa zamani walikuwa na sengu, desturi ya watu wa ukoo kukutana kwa mzee wao, kula pamoja na kuzungumza mambo ya familia. Mimi nilitaka kila mgonjwa mpya awe na sengu yake, hata kama ni watu watatu juu ya benchi nje ya wodi. Nilikuwa na sharti moja ambalo wazee hawakulipenda sana: lazima awepo mwanamke atakayemhudumia. Wanaume husema, “Sawa daktari, tumeelewa,” halafu wanakwenda zao kwenye kahawa. Anayeshika kikombe cha maji asubuhi na jioni ni mama, dada au mke.

Pale nilieleza kwa maneno ya kawaida. Kwa yule kijana nilisema hivi: “Mama, baba mdogo, na wewe mwanangu, sikilizeni wote. Kilichomgeuza shingo ni dawa, si mtu aliye majini. Dawa ile ilikuwa nyingi kwa siku moja, nayo huwashika hivyo vijana wa kiume kuliko wengine, hasa katika siku tatu au nne za mwanzo. Haikuvunja kitu. Tunaanza upya kwa kiasi kidogo. Ikitokea tena msiogope, mleteni hapa. Kuna sindano ya kuifungua, na mtaona wenyewe inavyofunguka kabla chungu cha ugali hakijachemka.” Mama yake akauliza, “Na kama ni usiku na ziwa limechafuka?”

Swali hilo ndilo lililonifundisha kutofuata kitabu kama kasuku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uitwao mhGAP, uliotoka mwaka 2010 kwa ajili ya watumishi wasio mabingwa kama sisi, unashauri kuanza na kiasi kidogo, haloperidoli miligramu 1.5 hadi 3 kwa siku, na kupandisha polepole. Pia unashauri dawa za kulegeza misuli, mathalani ile inayojulikana kama Artane, zisitolewe kwa kila mtu kama desturi, bali kwa yule aliyepata tatizo. Shauri la kwanza nalikubali kwa moyo wote, maana nimeona mahali mgonjwa mpya anaanzishiwa miligramu 10 kwa sababu tu amepiga kelele sana. La pili nalo lina hekima yake. Artane hukausha kinywa, hufunga choo, huchanganya akili za wazee, na kuna vijana wanaoipenda kupita haja. Lakini kanuni hiyo inadhani sindano ipo karibu. Kwa mtu anayekaa saa tano za kasia kutoka kwenye sindano, na ambaye shingo yake imekwisha kupinda mara moja, daktari wetu alikubali tumpe mama vidonge vichache vya akiba. Tulivifunga katika karatasi ya peke yake, naye akavifunga tena katika ncha ya khanga. Hakuvitumia kamwe. Lakini nina hakika kwamba bila fundo lile la khanga asingempa mwanawe hata kidonge kimoja cha ile dawa nyingine.

Mwenzangu mmoja alinibishia. Alisema ukiwaeleza watu wa kijijini madhara yote hayo watakimbia, heri wameze kwanza, mengine yatajulikana mbele. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, na siidharau, kwa sababu wapo waliokimbia. Nilichoona mimi ni kwamba anayekimbia baada ya kuelezwa hurudi akizidiwa, kwa vile anajua hakudanganywa. Anayekimbia baada ya kushtukizwa huchukua na majirani zake.

Sharti nieleze pia kwamba si kila anayeletwa amefungwa kamba anahitaji dawa hizi. Malaria ikipanda kichwani humfanya mtu aweweseke na kupigana. Hali kadhalika kifafa, homa ya uti wa mgongo, virusi vya UKIMWI, kaswende ya siku nyingi, na hata gongo iliyoachwa ghafla na mtu aliyeizoea. Kijana aliyeanza kuchanganyikiwa jana, ana joto, hajui leo ni siku gani, huyo ni mgonjwa wa mwili mpaka ithibitishwe vingine. Kumpa klopromazini akasinzia ni kuizima taa ya hatari huku moto unawaka.

Turudi kwa wale wanaostahili dawa. Baada ya shingo, tatizo la pili ni miguu, nalo ni gumu zaidi kulitambua kwa sababu halitishi kwa macho. Mgonjwa hawezi kutulia. Akikaa anasimama, akisimama anakanyaga-kanyaga kama aliye juu ya mchanga wa moto, usiku anazunguka nyumba. Ndugu wanasema wazimu umezidi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mpole, alitembea usiku kucha kutoka kijijini kwake hadi Mbinga mjini, wiki ya pili ya dawa. Katika zahanati fulani walikuwa wamemwongezea dozi maradufu kwa kuona hatulii, na kila walivyoongeza ndivyo alivyotembea. Nilimuuliza, “Mwalimu, kinachokuinua kitini ni mawazo au ni miguu?” Akanitazama kama mtu aliyengoja swali hilo siku nyingi. “Ni miguu,” alisema. “Kichwa kimeshatulia. Miguu ndiyo haitaki kukaa nami.” Daktari alipunguza dozi, akampa propranololi kidogo, na baada ya siku kadhaa aliweza kukaa misa nzima. Wanaoteseka hivyo bila kuulizwa wapo wanaofikia kutaka kujiua. Swali lile halihitaji kipimo chochote wala umeme.

Ama kuhusu akina mama wa milimani, shida yao mara nyingi ni uzito. Yeyote aliyepita Umatengoni amewaona wakilima ngoro, yale mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki kwenye miteremko mikali, yanayozuia mvua isichukue udongo. Ni kazi ya kuinama na kuinuka tangu asubuhi. Dawa hizi, klopromazini hasa, hushusha shinikizo la damu mtu anapoinuka ghafla, na mteremko wa ngoro si mahali pa kupata kizunguzungu. Kisha baada ya wiki chache huja kukakamaa kwa mwili mzima: hatua fupi, mikono haichezi, uso umeganda kama kinyago, mate yanatoka pembeni. Mama mkwe wa mgonjwa wangu mmoja aliniletea mashtaka kwamba tumemfanya mkwewe zezeta. Neno hilo, zezeta, nimelisikia kuliko jina la ugonjwa wowote. Niliposikiliza vizuri niligundua kuwa katika nyumba ile kichaa cha mkwewe kilikuwa kimeanza kuvumilika. Kisichovumilika ni mtu anayemaliza shimo moja wakati wenzake wamemaliza sita. Kupunguza dozi kidogo na kusogeza yote usiku kulitosha kumrudisha shambani. Lakini mume ilibidi aambiwe mbele ya mama yake kwamba msimu huo mkewe apewe kazi za tambarare, aanike maharage, apembue, na kwamba huo si uvivu. Aliambiwa pia, kwa faragha na mkewe yupo, kwamba siku zake za mwezi zaweza kukatika na maziwa yakatoka ingawa hana mtoto wa kunyonyesha. Dada huyo alikuwa tayari ameanza kudhani kuwa ana mimba, na mama mkwe alikuwa na hesabu zake juu ya hiyo mimba, kwani mume alikuwa Songea miezi mitatu.

Ziwani mambo ni mengine. Vitabu vinasema dozi itolewe wakati wa kulala, na karibu sote huandika usiku bila kufikiri. Lakini usipa huvuliwa usiku, katika siku za giza, kwa karabai na siku hizi kwa taa za betri. Mbalamwezi ikitoka wavuvi hupumzika. Ukimwandikia mvuvi dawa ya usingizi saa mbili usiku, umemwambia achague kati ya dawa na watoto wake, au umempeleka asinzie kwenye ukingo wa mtumbwi. Kwa hiyo nilikuwa nawauliza habari za mwezi kabla ya kuandika saa. Wiki za kwanza jibu langu lilikuwa kutokwenda majini kabisa, na hapo mjadala huwa mrefu, kwani mtumbwi una watu wake na sehemu ya asiyekwenda ina mtu wa kuichukua. Tulipatana na baba mdogo kwamba kijana ashinde pwani akishona nyavu na apewe sehemu ndogo. Nyavu alizoanza kushona ni zile zile alizokuwa amezichoma.

Kushona nako kukawa na lake. Ziwa liko chini sana kuliko Mbinga, jua la mchana pale mchangani ni kali, na mtu aliye kwenye klopromazini ngozi yake huungua upesi na mwili wake hautoi joto vizuri. Kofia ya ukindu, kivuli cha mwembe na maji ya kunywa ni sehemu ya dawa. Niliyaandika katika kadi yake chini ya jina la dawa, na mkaguzi mmoja aliwahi kuniuliza kama kofia nayo inatolewa stoo.

Jambo moja halina mjadala wala mapatano. Mgonjwa wa dawa hizi akipata joto kali, mwili ukakakamaa kama gogo, jasho likamtiririka na fahamu zikaanza kupotea, dawa isimamishwe saa hiyo hiyo na apelekwe hospitali. Hutokea mara chache, lakini huua. Hatari yake huku ni kwamba kila joto lina jina tayari. Watampima malaria, na kwa kuwa mwambao wote una mbu, kipimo kinaweza kutoka chanya, wakaridhika na kumtibu malaria huku wakiendelea kumpa haloperidoli. Niliwafundisha ndugu kumkunja mkono mgonjwa mwenye joto. Ukikunjika kwa ulaini, mpelekeni mkapime malaria. Ukikataa kama tawi bichi, acheni vidonge nyumbani na mtafute usafiri, hata kama ni usiku.

Nimewahi kuulizwa juu ya kuficha dawa katika uji. Hufanyika katika nyumba nyingi kuliko wanavyokiri, na anayefanya ni mama anayempenda mwanawe. Sipendi, na sababu yangu si ya kisheria, ingawa nchi yetu ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Mgonjwa huyu tayari anaamini kuwa chakula chake kimetiwa kitu. Siku akiona unga mweupe chini ya bakuli, atakuwa amepata ushahidi kwamba akili yake ilikuwa sahihi na nyinyi nyote waongo. Yule kijana wetu alikuwa na hofu hiyo hiyo ya chakula. Tulimpa vidonge avitoe mwenyewe kwenye kopo, avihesabu, aone mama anakunywa maji ya kikombe kile kile kwanza. Kwa wanaokataa kabisa ipo sindano ya flufenazini inayokaa mwilini wiki kadhaa, nayo imeokoa nyumba nyingi za mbali. Ila dawa hiyo ikishaingia haiwezi kutolewa. Kumpa mtu ambaye hujawahi kumjaribu kwa dozi ndogo ni kumwachia shingo iliyopinda kwa majuma.

Na yule mganga wa kienyeji? Nilikwenda kumsalimu. Nilimkuta mzee wa heshima, anajua wagonjwa wake kwa majina ya babu zao. Sikwenda kubishana naye juu ya nani aliyenyoosha shingo. Nilimwomba mambo mawili: asimnyime kijana chakula wala kumpa dawa ya kunywa ya mizizi wakati yuko kwenye vidonge vyangu, na akimwona amepinda tena amlete. Alikubali la pili mara moja, la kwanza baada ya mazungumzo marefu. Maombi na mafusho sikuyagusa. Familia ilikuwa bado na maiti yake majini isiyozikwa, na haloperidoli haina la kusema juu ya hilo.

Wiki ya tano kijana aliniambia kuwa sauti bado zinamwita, lakini zimekwenda mbali, kama watu wanaoongea kwenye mtumbwi mwingine. Wiki ya tisa hazikusikika. Ndipo likaja swali ambalo huja kila mara, na huja siku ambayo mambo ni mazuri. Baba mdogo aliuliza, “Sasa amepona. Tunaendelea mpaka lini?” Ushauri wa siku hizi ni kwamba aliyepata ugonjwa huu kwa mara ya kwanza aendelee angalau miezi 12 baada ya dalili kwisha, halafu dawa ipunguzwe pole pole huku akiangaliwa. Sikumwambia miezi 12. Nilimwambia mavuno ya kahawa ya mwaka huu yapite, na ya mwaka kesho yaanze. Mvuvi haishi kwa kahawa, lakini magari ya kahawa anayajua. Alihesabu kimoyomoyo akaguna.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni mvua. Siku hizi kuna lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita zipatazo 66; wakati ule mlima ulikuwa wa udongo mwekundu, na mvua zikianza gari liliweza kulala njiani siku mbili. Dawa nazo zilikwisha stoo bila kuaga, na mgonjwa akafunga safari ya siku nzima kuja kuambiwa arudi wiki ijayo. Akikosa vidonge wiki mbili za kwanza huona tofauti kidogo tu, pengine hata nafuu, mwili ukawa mwepesi, miguu ikatulia. Ndiyo maana kukosa ni hatari, kwa sababu ugonjwa hurudi baadaye, wakati hakuna anayekumbuka tena kuuhusisha na kopo tupu. Tuliandika vidonge vya wiki nane badala ya nne. Mama yake, ambaye hakusoma, alivigawa mbele yangu katika mafungu ya majani ya daftari, fungu moja kwa kila mwezi wa mbinguni, akaniuliza kama la pili nalo niliweke chumvi pembeni lisipate unyevu. Nikamwambia chumvi haina haja, kopo lifungwe tu na likae mbali na moto na watoto.